Jinsi ya kuangalia thrila ya kisaikolojia inayogeuka katikati: achana na tuisti, mfate mwigizaji

Watu wengi wakimaliza muvi ya aina hii, ile inayoanza kama mapenzi au komedi alafu ukija kushtuka imeshakuwa kitu cha kutisha, wanachoongelea ni tuisti. "Umeona mwisho ule?" Basi, maongezi yameisha hapo. Mi naona tuisti ndo sehemu rahisi kuliko zote, yeyote anaweza kuandika kwamba kumbe mchumba ndo adui, kazi ipo kwenye kumfanya mtu akae na huyo mchumba saa nzima, ampende, alafu siku akirudia kuangalia akute kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho yake na hakukiona. Na hiyo kazi kwa sehemu kubwa inafanywa na sura ya mtu. Kwa hiyo hapa naelekeza namna ya kuziangalia hizi muvi kama unataka kuelewa zimetengenezwaje, iwe unaandika rivyu, unajifunza kuekti, una skripti yako inakusumbua au unapenda tu kubishana na watu ukiwa na ushahidi mkononi.

Tahadhari mapema: nitataja Psycho, Get Out, Us, Parasite na The Silence of the Lambs na nitasema yanayotokea ndani bila huruma. Kama hujaziona kaziangalie kwanza, haya maelezo hayaendi popote.

Mara ya kwanza usichambue kitu. Simu weka mbali, taa zima kama unaweza, angalia mpaka mwisho bila kusimamisha, maana hizi muvi zinajenga presha taratibu na ukisimamisha kwenda kujibu meseji unaimwaga yote chini alafu baadae unalalamika muvi imepoa. Ikiisha, kabla hujaingia mtandaoni kusoma wenzako wamesemaje, chukua karatasi uandike wapi ulicheka, wapi ulikaza mabega, wapi ulimchukia mtu bila kujua kwanini. Usiandike maana wala mafumbo, andika mwili wako ulifanya nini. Hiyo karatasi usipoiandika muda uleule huipati tena, ukishasoma maelezo ya wengine kichwa kinaanza kukumbuka walichohisi wao.

Mara ya pili ndo unaanza kazi, na kazi ya kwanza ni kutafuta pale inapogeuka. Kila muvi iliyochanganya aina ina sehemu ambapo stori moja inaikabidhi kijiti nyingine, na mara nyingi haipo pale unapokumbuka. Chukua Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960. Kwa dakika kama 47 hivi hiyo ni stori ya wizi, Marion kaiba dola 40,000 kazini kwake, anakimbia na gari, polisi anamtilia shaka, mvua inampiga, anaingia moteli. Alafu anauawa bafuni, na Janet Leigh anayemuekti ndo alikuwa staa mkubwa wa muvi nzima, yani stelingi kafa na muvi bado inaendelea. Sini ya bafuni kila mtu anaijua. Lakini kwangu mi mgeuko wenyewe upo mbele kidogo, pale Norman, kijana mwenye moteli, anapolisukuma gari lenye maiti kwenye dimbwi la tope. Gari linazama, linazama, alafu linagoma. Anthony Perkins, ndo Norman, kasimama pembeni anatafuna pipi, shingo imekaza, anaangalia huku anaangalia kule, na wewe hapo ulipokaa unajikuta unaomba gari lizame. Dakika chache tu nyuma ulikuwa upande wa marehemu! Hakuna aliyekuambia uhame, hakuna hata neno moja linasemwa, ni jamaa tu na pipi yake na hofu yake, na umeshakuwa mshirika.

Ukishaipata sehemu kama hiyo andika dakika yake alafu rudisha nyuma uone ulikuwa unaandaliwa na nini. Kwenye Psycho ni yale maongezi ya kwenye chumba cha nyuma ya ofisi, Marion anakula, Norman anaongelea mama yake, anaanza mpole kabisa, Marion anagusia wazo la kumpeleka mama sehemu akatunzwe na pale pale jamaa anainama mbele na sauti inabadilika, haipandi juu, inakuwa ngumu. Juu ya kichwa chake kuna ndege waliokaushwa wametanda mabawa. Huo ndo uigizaji ambao ukiangalia mara moja unasema "kijana mpweke huyu, masikini", ukirudia damu inasimama.

Parasite ya Bong Joon-ho, 2019, mgeuko wake ni kengele ya mlango. Mpaka hapo ulikuwa unacheka, familia ya matapeli imeshajipenyeza yote kwenye nyumba ya tajiri, wanakunywa pombe zake sebuleni, nje mvua. Kengele inalia, kwenye kiskrini cha mlangoni ni yule mfanyakazi wa zamani waliyemfukuzisha, kalowa, anatabasamu kwa adabu, anaomba aingie kuna kitu alikisahau chini. Lee Jung-eun, anayemuekti, hafanyi chochote cha kutisha pale. Adabu yake ndo inatisha. Alafu mkimfata huko chini mnamkuta kajilaza hewani, miguu ukutani mikono kwenye kabati, anasukuma kwa nguvu zake zote, na hiyo picha inachekesha na inatisha kwa sekunde ileile, hujui ufanye lipi. Sasa jiulize, yeye mwenyewe yule mama yuko kwenye komedi au kwenye muvi ya kutisha? Hayuko popote kati ya hizo, ana mume ana njaa nyuma ya hilo kabati na anawahi. Basi.

Na hapa ndo penye hoja yangu yote, kama utabeba kimoja beba hiki. Muvi inaruhusiwa kubadilisha aina, muziki unaruhusiwa kujua, kamera inaruhusiwa kujua, taa zinaruhusiwa, ila mtu aliyeko ndani ya stori haruhusiwi kujua yuko kwenye muvi ya aina gani. Mwigizaji akianza kuekti "kikomedi" kwenye sini ya kuchekesha na "kiutisho" kwenye sini ya kutisha, mchanganyiko unakatika vipande na utaona mshono. Zile zinazofanya kazi, mtu anabaki yuleyule na mahitaji yaleyale, dunia ndo inageuka kumzunguka.

Kwa hiyo kwenye mzunguko wa pili chagua mtu mmoja asiye stelingi, mfate yeye tu. Stelingi amebebwa na kamera, kila kitu kinamsaidia, lakini wa pembeni anaachiwa sekunde chache na anatakiwa aseme kweli na uongo kwa pamoja. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Betty Gabriel kama Georgina, mfanyakazi wa ndani, kwenye Get Out, ya Jordan Peele, 2017, ile ya Chris, kijana mweusi anayepelekwa na mchumba wake mzungu, Rose, kwa wazazi wake. Anaingia chumbani kwa Chris kumuomba radhi kwamba alichomoa simu kwenye chaji bahati mbaya. Chris anamwambia tu kiungwana kwamba wazungu wakizidi na yeye huwa anapata wasiwasi. Angalia sasa sura ile. Tabasamu linabaki palepale halitikisiki, anasogea karibu, anaanza kusema hapana, hapana, hapana, kila hapana na uzito wake, nyingine kama anacheka, nyingine kama anakataza, na katikati ya tabasamu machozi yanashuka. Mdomo ni wa mtu mmoja, macho ni ya mwingine. Ukija kujua baadae kwamba mle ndani kweli kuna watu wawili, mmoja kamfungia mwenzake, unarudi kwenye ile sini unakuta alishakuambia kila kitu bila kukuambia lolote. Zima sauti uiangalie, alafu funika nusu ya chini ya skrini kwa mkono uone macho peke yake. Fanya kweli, usisome tu.

Muvi hiyohiyo, mfate Rose, aliyeektiwa na Allison Williams. Mwanzoni wanagonga swala barabarani, polisi anakuja, aliyekuwa anaendesha ni Rose lakini polisi anataka kitambulisho cha Chris, na Rose anakuja juu, anamtetea mpaka polisi anaondoka. Mara ya kwanza unasema huyu dada anampenda mtu wake. Mara ya pili, ukishajua Rose ndo anayeitegea familia yake watu, unaelewa hakutaka ibaki kumbukumbu yoyote kwamba Chris alikuwa naye. Na hakuna kilichobadilika kwenye uigizaji, hasira ni ileile na ni ya kweli, maana kweli hataki huyo polisi aone kitambulisho! Hapo Williams hajadanganya hata kidogo, kaficha tu sababu. Kipimo kizuri sana hiki: kila sini ya adui aliyejificha iulize kama inasimama kwa sababu zote mbili. Ikisimama kwa moja tu, mwandishi kakudanganya.

Us ya 2019 ni darasa lingine maana Lupita Nyong'o anaekti watu wawili wenye sura moja, Adelaide, mama wa familia, na Red, mfano wake anayekuja kuwavamia. Ushawishi wa kwanza ni kushangaa ile sauti ya Red, iliyokwaruza kama hewa haipiti, na ni kweli inashangaza, alisema aliichukua kwenye hali ya kiafya inayobana misuli ya koo. Lakini sauti ni kitu cha juu. We angalia shingo na mgongo. Red anatembea kanyooka, mabega hayachezi, anageuka mwili mzima kama yuko kwenye reli. Alafu rudi kwa Adelaide mwanzoni kabisa, mama wa kawaida aliyeko likizo, uone sehemu ngapi na yeye anakauka hivohivo kwa nusu sekunde kabla hajajirudi. Kuna sini wako ndani ya gari, wimbo unapigwa, anamwambia mwanae afate mdundo na anapiga vidole kumuonyesha, na vidole vyake mwenyewe viko nje ya mdundo. Unapita. Hakuna kamera inayokusogezea uone. Ukishajua mwisho, kwamba hawa wawili walibadilishana nafasi utotoni, ndo unabaki mdomo wazi.

Tukija kwenye sauti, hapa vaa hedifoni na ufumbe macho kwa dakika kumi hivi za muvi uliyoichagua. Thrila nyingi zinakaa kwenye masikio kuliko kwenye macho. Bernard Herrmann muziki wote wa Psycho kauandika kwa vyombo vya nyuzi peke yake, hakuna ngoma hakuna tarumbeta, na Hitchcock mwenyewe mwanzoni alitaka sini ya bafuni isiwe na muziki kabisa, akaja kubadili mawazo baada ya kusikia alichofanya Herrmann. Kwenye Us ule wimbo wa kwenye gari, ambao familia inaufurahia, unarudi kwenye pambano la mwisho umepunguzwa mwendo, noti zimetenganishwa, umekuwa kitu cha kuogofya. Wimbo uleule, aina nyingine ya muvi. Na Get Out, hii watu wetu wengi wanaipenda sana: majina yanapopita mwanzoni, miti inakimbia dirishani, sauti zinazonong'ona zinaimba Kiswahili, Michael Abels kauita wimbo Sikiliza Kwa Wahenga, na ni onyo la mtu akimbie. Duniani kote watu walikaa wanasikia sauti nzuri za ajabu, sisi tulishapewa taarifa kabla stori haijaanza na bado tulikaa tukaangalia tu! Hiyo ndo akili ya hizi muvi, taarifa inatolewa waziwazi kwa namna ambayo haitakusaidia.

Kuna na sauti ndogo za kuziwekea alama, kijiko kwenye kikombe cha chai cha Get Out ndo maarufu. Mara ya kwanza mama yake Rose anakoroga chai tu. Baada ya ile sini ya kiti, ambapo mama huyo anateka akili ya Chris kwa mlio wa kijiko na Daniel Kaluuya anayemuekti amefumbua macho yote, machozi yanashuka na hawezi kunyanyua hata kidole, kijiko hakitakuwa tena kijiko. Andika kila kitu cha kawaida ambacho muvi imekigeuza silaha na lini kiligeuzwa.

Kamera siwezi kukaa nayo sana, kuna watu wanaijua kuliko mimi, ila swali moja linatosha kwa kuanzia: nani anaangalia kwenye lenzi? The Silence of the Lambs ya Jonathan Demme, 1991, wanaume wakiongea na Clarice, mwanafunzi wa upelelezi wa FBI, wanatazama moja kwa moja ndani ya kamera, yani wanakutazama wewe, na Jodie Foster akijibu macho yake yanakuwa pembeni kidogo ya lenzi. Ukilijua hilo muvi nzima inabadilika, kumbe ule ubavu kubana uliokuwa unausikia hata kwenye sini za ofisini za kawaida ni kwa sababu umekuwa ukikodolewa macho muda wote. Na Anthony Hopkins, anayeekti Hannibal Lecter, muuaji aliyefungwa anayeendewa na Clarice, anaingia vipi mle? Haingii. Clarice anapita kwenye korido, vyumba vingine watu wanasumbua, anafika cha mwisho na mzee kasimama katikati kanyooka, mikono imetulia, kama alikuwa na miadi naye. Hajafanya kitu na umeshaogopa.

Muvi hiyohiyo itakufundisha na uhariri kwa sini moja tu, ile ya makachero wanaizunguka nyumba na muuaji mwingine, yule anayesakwa, ndani anasikia kengele. Picha zinakatwa nje, ndani, nje, ndani, wewe mwenyewe kichwani unaziunganisha kuwa nyumba moja. Muuaji anafungua mlango, aliyesimama pale ni Clarice peke yake, makachero wako nyumba nyingine kabisa. Hakuna mtu aliyekuambia uongo hapo, ulijidanganya mwenyewe kwa sababu umezoea. Ukikuta mkato wowote wa namna hiyo simamisha ujiulize ni nini hasa nimeonyeshwa na ni nini nimejazia.

Sasa vichekesho, na hapa wengi wanaandika tu "kuna komedi ya kupunguza presha" wakapita. Hapana. Kwenye muvi nzuri za hivi komedi haipunguzi presha, inaificha. Rod wa Get Out, yule rafiki yake Chris, anaenda kuwaeleza polisi kwamba jamaa yake katekwa, anaeleza na nadharia yake yote, wapelelezi wanamsikiliza kwa makini alafu wanaangua kicheko. Ukumbini na wao wanacheka. Lakini wewe ambaye umeshaona yanayotokea kule unajua Rod anasema kitu kinachokaribia ukweli na hakuna polisi atakayekuja kumsaidia Chris. Lil Rel Howery haektii mtu mchekeshaji kwenye ile sini, anaekti mtu mwenye hofu anayejieleza vibaya. Angekuwa anatafuta kicheko, ile sini ingekuwa kituo cha mapumziko. Tuzo za Golden Globe ziliiweka muvi hii kwenye kundi la komedi na watu wakabishana sana, na kwa kweli ugomvi ule unaonyesha tu kwamba makundi ni ya wenye kugawa tuzo.

Ukishamaliza mizunguko yote hiyo utakuwa na haki ya kuhukumu, na muvi mbovu za aina hii zina dalili zake. Dalili ya kwanza ni adui anayetabasamu pembeni kamera ikibaki naye peke yake, yale macho ya "subirini muone", huyo mwigizaji kaanza kuiuza siri kabla ya muda au dairekta hakumuamini. Nyingine, sini haitishi mpaka muziki uingie. Zima sauti, ukiona watu wanatembea tembea tu ujue kazi yote kabebeshwa mpiga muziki. Alafu kuna ile ya mtu kukaa mwishoni kueleza kila kitu kwa dakika nzima. Hata Psycho inayo, daktari wa akili anasimama anatoa lekcha kuhusu Norman, na mi sijawahi kuipenda hiyo sehemu hata kidogo. Kinachoiokoa ni kwamba baada ya lekcha tunapelekwa kwa Perkins kakaa peke yake na blanketi, inzi katua mkononi mwake, sauti ya mama inaongea kichwani, kisha anainua macho na kutabasamu. Maelezo yote ya daktari yanafutika pale.

Kama unaandika rivyu, usianze na stori wala tuzo. Anza na sekunde zako chache, sura moja, mkono mmoja, sema ulichokiona mara ya kwanza na ulichokiona mara ya pili, alafu kutoka hapo ndo unapanuka kwenda kwenye muvi nzima. Neno "uigizaji mkali" futa, halisemi kitu, andika alifanya nini na mdomo wake na macho yake na wakati gani. Siri ya mwisho usiiandike kwenye kichwa cha habari, tafadhali, kuna watu hawajaangalia. Na kama unaekti au unamuongoza anayeekti, chukua sini moja ya kwako, iigizeni mara moja mkiamini ni komedi na mara nyingine mkiamini ni ya kutisha, rekodini zote kwa simu, kisha mara ya tatu sahauni zote mbili mkumbuke tu huyu mtu anataka nini kwa mwenzake. Ziwekeni pamoja mziangalie bila sauti.